Kahindo Amebaki na Tatu

Kahindo si jina la kuokota barabarani. Kwa Wanande wa mashariki ya Kongo jina huja na nafasi yake: msichana wa kwanza ni Musoki au Masika, wa pili ni Kahindo, wa tatu ana lake, na hata mgeni asiyekujua akikutajia jina unajua amezaliwa nyuma ya nani. Kwa hiyo Patience aliposoma jina hilo kwenye simu ya mumewe, Alhamisi asubuhi, maji ya chai yakichemka, hakuhitaji kufafanuliwa. Nyumba yake ilikuwa na Musoki mmoja, wa miaka tisa. Wa pili hakuwepo.

Patience hakuwa mwanamke wa kupekua simu za watu. Simu yenyewe ndiyo iliyojipekua, pale mezani karibu na sukari, Ephraïm akiwa bado anaoga. Ujumbe ulisema hivi: "Kahindo amebaki na 3. Ikiisha, ni mwisho. Samedi ukuye bila kukosa, siye peke yetu hatuwezi kumutosha mule." Chini yake jina: Françoise.

Mama yeyote wa Bunia aliyewahi kukaa ukingoni mwa kitanda cha pediatrie, wadi ya watoto, anajua tatu ni nini. Mtoto anashikwa na malaria, anapimwa damu, daktari anasema imebaki sita, mnashukuru Mungu. Akisema imebaki tatu, mnaanza kuzunguka mnatafuta mtu wa kumtolea damu. Musoki mwenyewe aliwahi kufika nne, na Patience hajasahau rangi ya viganja vyake siku ile. Kuhusu "kumutosha mule", yaani kumtoa mle ndani, nani asiyejua kwamba mgonjwa anaweza kuzuiliwa hospitalini mpaka ukoo mzima ulipe?

Basi chai haijaiva, Patience alikuwa amekwisha kujua mambo matatu: mumewe ana mtoto nje, mtoto huyo anakufa, na mama yake anaitwa Françoise.

Akaanza kuhesabu. Kama Kahindo amehesabiwa nyuma ya Musoki wake, ina maana mwanamke yule anamjua Musoki kwa jina, na amemchomeka wake nyuma yake bila haya. Kama amehesabiwa kwa tumbo la mwanamke yule, basi kuna Musoki mwingine kule, na watoto ni wawili. Alihesabu hivi, akahesabu vile, na hesabu zote mbili zilimtukana.

Ephraïm akatoka kuoga, akachukua simu, akasoma. Uso ukamshuka. Patience akamuuliza kuna nini. Akajibu ni mambo ya kazi tu. Mumbere Ephraïm alikuwa mtunza depo ya mabati. Patience akammiminia chai, akawaza kwamba mabati hayapotezi damu.

* * *

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile nzima, mguu ukikanyaga cherehani, Patience alizipitia Jumamosi zote za mwaka mmoja. Kila samedi, yaani Jumamosi, saa tisa Ephraïm alikuwa na "réunion", mkutano wake. Réunion ya nini? Ya marafiki. Alirudi saa kumi na mbili bila harufu ya pombe, bila harufu ya marashi, na hapo ndipo palipomtia Patience wasiwasi, kwa sababu mwanaume anayerudi akinuka pombe unajua alikotoka. Huyu alirudi akinuka karatasi. Alirudi anatabasamu peke yake, au siku nyingine amenuna kama mtu aliyefiwa, na ukimuuliza anasema ni uchovu.

Sasa vitu vidogo vikaanza kujileta vyenyewe. Mwezi wa tatu, akimwangalia mkewe akipinda sare ya shule, Ephraïm alimuuliza kama msichana anaweza kukimbia vizuri na sketi ndefu. Patience alifurahi siku ile, akidhani mumewe ameanza kupenda kazi yake. Sasa alitaka kuitapika furaha hiyo.

Ijumaa akaenda kwa Papa Katsuva, baba mdogo wa Ephraïm, shemasi, mtu wa kuaminika katika ukoo. Hakulia. Alieleza kama mtu anayetoa ripoti, akamwambia kwamba kama ni kweli, Jumapili atamchukua Musoki waende kwa mama yake Butembo, barabara iwe nzuri au mbaya. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: wazee wakae, na Ephraïm aseme ukweli mbele yao.

Papa Katsuva alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kwa sauti ya upole kama tangu mambo ya Komanda amepata mimba nyingine. Patience akasema hapana. Mzee akapumua kwa nguvu, akatikisa kichwa, na katika kupumua kule Patience akasikia kwamba Ephraïm amekwisha kusamehewa.

Mambo ya Komanda yalikuwa hivi. Miaka mitatu iliyopita, wakikimbia vita kutoka Oicha kuja Bunia, mimba ya Patience ya miezi saba ilitoka kwenye kituo cha afya cha njiani. Aligeukia ukutani, akawaambia wote wasimwambie kitu, wasimwonyeshe kitu. Ephraïm akachukua kitambaa kilichokunjwa, akaondoka na mzee mmoja mwenye jembe, akarudi na udongo kwenye viatu. Tangu hapo neno halikusemwa. Watu wakimuuliza Patience amezaa mara ngapi, anajibu mara moja.

"Sikiya, mukamwana yangu," Papa Katsuva akasema. "Mutoto hana kosa. Kama iko damu yetu, haiko muzuri afie ku mulango ya batu. Umufuate kwanza, umulete. Bwana yako, siye tutamusemesha dimanche, nyuma ya ibada."

Patience akarudi nyumbani na mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza. Alikwenda kutafuta haki, akapewa mtoto wa kulea.

* * *

Jumamosi Ephraïm hakwenda kwenye réunion yake. Alilala kitandani mchana kweupe, akasema kichwa kinamuuma. Patience alisimama mlangoni akimwangalia mgongo, na hasira aliyokuwa nayo ikapata rangi mpya. Kuzaa nje ni dhambi, sawa, wanaume wengi wanayo. Lakini kuzaa nje, mtoto anakufa, na wewe unajifunika shuka? Huyu alikuwa mwanaume gani?

Akafungua sanduku, akachukua nguo za zamani za Musoki: za mwaka mmoja, za miaka mitatu, za miaka mitano, kwa kuwa hakujua mtoto yule ana urefu gani. Akazifunga pamoja na blanketi. Musoki akamuuliza ni za nani. Akamwambia ni za mtoto wa mtu.

Kwenye duka la dawa akaomba siro, dawa ya maji ya kuongeza damu. Msichana wa kaunta akamuuliza mtoto ana miaka mingapi. Patience akasema hajui. Ana kilo ngapi? Hajui pia. Nyuma yake kulikuwa na watu watatu, na wote walikuwa wameacha kuongea.

"Ni mutoto yako, mama?"

"Ni ya bwana yangu."

Msichana akainamisha macho, akamfungia siro katika karatasi taratibu kama mtu anayefunga zawadi ya matanga. Mmoja wa wale watatu akasema "pole" bila kuombwa. Patience akatoka amekaza shingo, akatembea hivyo hivyo mpaka mtaa wa Nyakasanza, maana Françoise hakuwa mtu wa kutafutwa: kibao cha duka lake la photocopie, la kunakili karatasi, kinaonekana tangu sokoni, na picha yake kwenye simu ya Ephraïm ilikuwa amesimama chini ya kibao hicho.

Mlango ulikuwa umeegeshwa. Ndani sauti nene ya mwanaume ilikuwa inasema, "Mimi naona tumuache. Maji inapanda. Tukibaki mule, tunakufa bote."

Sauti ya mwanamke ikajibu, "Kahindo anapumua. Bado anapumua."

"Na baba yake hakuye," ikasema sauti ya tatu, ya kijana.

Patience akausukuma mlango.

* * *

Watu watatu walikuwa wamezunguka meza. Juu ya meza palikuwa na karatasi zilizochorwa kwa penseli, maharagwe yaliyopangwa kama askari, na vipande vidogo vyenye namba kila upande. Françoise alikuwa mama mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Patience alikuwa amejiandaa kwa mwanamke wa namna nyingine kabisa.

"Mutoto iko wapi?" akauliza.

"Mutoto gani, mama?"

"Kahindo. Mimi ni bibi ya Ephraïm. Sikuya kwa fujo. Munipe mutoto, niende naye."

Wakaangaliana. Yule mwenye sauti nene, jitu la Mahagi lililovaa kofia ya mpira na kunuka samaki wa Tchomia, akajibu kwa uaminifu wote: "Iko mu pango, mama."

Patience akapita katikati yao, akavuta pazia la nyuma. Akakuta mabunda ya karatasi, mashine mbovu, na ndoo. Akainama akatazama chini ya meza. Aliponyanyuka, Françoise alikuwa amemvutia kiti.

Akaelezwa, na kwanza hakuamini hata neno moja. Zamani kidogo mzungu mmoja wa shirika alileta kitabu cha Kifaransa kitolewe photocopie, akasafiri asirudi kukichukua. Françoise akakisoma jioni za bila wateja. Kilikuwa kitabu cha mchezo: mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anamtunga mtu wake, anampa nguvu, umri na tabia, na vile vipande vya namba, wakivirusha, ndivyo vinavyoamua kama mtu huyo atavuka mto au atazama. Wakawa wanne, Françoise akiwa msimulizi. Louis, huyu mwenye kofia, mfanyabiashara wa samaki, alimtunga mzee mwenye moto vidoleni, ambaye angeweza kuchoma jeshi zima lakini kazi yake kubwa ilikuwa kukausha samaki, na siku ya Jumapili hapigani hata akitukanwa. Prudent, kijana anayenunua dhahabu Mongbwalu, alimtunga mwizi anayerudi kila mara kuacha nusu ya alichoiba, kwa kuwa bila hivyo hapati usingizi. Walizungumza juu ya watu hao kama unavyozungumza juu ya wajomba zako.

"Na Kahindo ni ya Ephraïm," Françoise akasema, akamsogezea karatasi. Namba tatu, uhai uliombakia Kahindo katika mchezo, ilikuwa imeandikwa pembeni, juu ya namba nyingine nyingi zilizofutwa.

Patience akaitazama ile tatu. Akaeleza kwamba alidhani ni damu. Akaitoa siro akaiweka mezani, kwa kuwa hakujua afanye nini nayo tena. Prudent akacheka. Louis aliisoma chupa kwanza, kisha akamtazama Prudent mpaka kicheko kikamkauka.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kwenda nyumbani. Patience hakuweza. Shaka ikishakaa siku tatu moyoni haifukuzwi kwa maharagwe. Mumewe angeweza kujiita mfalme, simba, chochote. Kwa nini msichana? Na kwa nini jina lile, ambalo Mnande hawezi kuliandika bila kuwa ameanza kuhesabu?

"Nani alichagua jina?" akauliza.

"Ni yeye. Siku ya kwanza, ata mbele sijaeleza mambo ya mchezo. Alisema, wangu ni Kahindo. Ni kama alikuwa anamungoja."

"Na iko namna gani, ule Kahindo?"

Hapo wote watatu wakataka kusema. Prudent akasema ndiye peke yake kati yao ambaye hajaua mtu. Louis akasema ndiye anayebeba vitu vya wote, na ukilala njaa anakupa chake. Kahindo alianza mchezo akiwa na miaka kumi na nane. Ephraïm alikataa aanze akiwa mdogo, alitaka awe amekwisha kukua.

"Ni kitu moja tu njo inatuchosha," Françoise akasema. "Kila muji tunafika, mbele ya kulala, mbele ya kula, anauliza kama mule muko mama mwenye kushona nguo. Mwaka muzima anauliza. Tunamuambia, Kahindo, nguo unayo. Anasema, haiko nguo natafuta."

Mikono ya Patience, yenye alama za sindano kwenye ncha za vidole, ilikuwa juu ya karatasi ile. Alikuwa amehesabu tumbo la Françoise, amehesabu matumbo ya wanawake asiowajua, mbele na nyuma, siku tatu. Tumbo moja tu hakulihesabu. Maumivu aliyoyasikia yalikuwa mapya kabisa, kana kwamba Komanda ilikuwa asubuhi ile.

* * *

Ephraïm alifika anahema. Musoki alikuwa amemwambia kwamba mama amebeba nguo zake za utotoni, ameshika njia ya Nyakasanza, na uso wake ulikuwa mbaya. Alisimama kizingitini, akamwona mkewe, akaiona karatasi mbele yake.

"Ilikuwa musichana?" Patience akauliza.

"Ilikuwa musichana. Alikuwa na nywele mingi."

Louis akavua kofia. Françoise akaondoa miwani, akawa anaifuta na haikuwa chafu. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini wao walikuwa wamecheza na mtoto yule mwaka mzima bila kujua ni nani.

"Ulikatala tukuambie," Ephraïm akasema.

"Nilikatala siku moja. Weye umenyamaza myaka tatu." Hakupaza sauti. "Hawa batu wamemujua. Wanajua vile anakula, vile anabeba mizigo. Mimi mama yake, sijue ata nywele. Ulikuwa na mutoto inje, Ephraïm. Nilizani nilijidanganya, kumbe sikujidanganya."

Ephraïm hakujitetea. Alikaa juu ya bunda la karatasi, akasema alijaribu kuliacha jina akashindwa. Kwamba alipolichora kwenye karatasi ile siku ya kwanza alilala vizuri. Kwamba leo hakuja kwa sababu ilikuwa zamu yake kurusha, na namba ikianguka vibaya itambidi ambebe tena kwenda kumzika. Mara moja ilimtosha. Alilia kama wanaume wanavyolia wakiwa wamechelewa sana, kwa kukohoa.

Patience alimwonea huruma, na hasira haikuondoka. Vyote viwili vilikaa ndani yake bila kusukumana. Baada ya muda akamuuliza Françoise kama haiwezekani tu kuandika kwamba amepona. Françoise akatikisa kichwa. Alisema wakianza kudanganya leo, basi hata ile mito aliyovuka hakuivuka.

"Mutu mupya anaweza kuingia," akasema. "Hiyo inaruhusiwa. Lakini mutu akiingia, maji inaweza kumubeba pia."

"Niandike," Patience akasema.

Louis akamsogezea vipande vya namba. Akavikusanya kwenye kiganja, akavitupa haraka kama mtu anayetupa punje kwa kuku, bila kufumba macho. Wote wakainama kuhesabu. Prudent akahesabu mara ya pili kwa kidole, akasema wametoka. Wote wawili, na maji yako nyuma yao. Françoise akachukua kifutio, akaifuta ile tatu, akaandika moja: maji yalikuwa yamechukua mbili, lakini Kahindo alikuwa hai.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Ephraïm nyuma, Patience mbele, umbali wa hatua tano, na hakuna aliyejaribu kuufupisha.

* * *

Jumapili baada ya ibada Papa Katsuva alikuja na wazee wawili, wamevaa makoti yao ya harusi na misiba. Walikaa. Maji ya kunawa yakapitishwa, yakakataliwa. Walikuja kwa kesi, si kwa chakula. Ephraïm alikaa kwenye kigoda, kichwa chini, kama inavyompasa mshitakiwa. Musoki akatumwa kwa jirani.

Papa Katsuva akafungua kwa sala fupi. Kisha akamgeukia Patience, akamuuliza kama alimfuata mtoto kama alivyomwagiza. Patience akasema ndiyo, alimfuata.

"Na ulimupata?"

"Nilimupata."

"Ni ya Ephraïm kweli?"

"Ni yake."

Wazee wakaguna. Mmoja akamtazama Ephraïm kwa jicho la kumkaripia, lenye kumpongeza kidogo kwa chini. Papa Katsuva akanyoosha mkono kuwatuliza. Akasema, kwa upole ule ule wa Ijumaa, kwamba neno linalobaki ni moja: mwanamke aliyemzaa mtoto huyo ajulikane, ili ukoo wake uitwe na mambo yapangwe sawa.

"Mama yake ni nani?"

Ephraïm akainua kichwa, akafungua mdomo. Patience akamtangulia.

"Ni mimi," akasema. "Iko Komanda, njo pale bwana yangu alimulalisha, na jina yake ni Kahindo. Nimezaa mara mbili, papa. Munihesabie sawasawa."